Kastamu Nyingine

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Nalisema mapema ili mtu asifike katikati akadhani nilimficha. Nilitoka Merikit na kaptula moja, nikaja Busia kubebea watu magunia mgongoni kuvuka mpaka. Kutoka kubeba nikapanda kuwa mtu wa kuonyesha madereva dirisha gani lina foleni fupi, na kutoka hapo nikawa ajenti, yaani mtu anayejaza karatasi za mizigo na kuzitia sahihi ili lori lifunguliwe njia. Kwa miaka zaidi ya thelathini sahihi yangu imepitisha mizigo ya kwenda Kampala, ya kwenda Juba na ya kwenda kwingine ambako mimi mwenyewe sijafika. Hakuna aliyenisaidia. Wapo wanaosema walinisaidia, lakini hao walikuja baadaye, ofisi ikiwa tayari ina madirisha.

Kiingereza changu nilikiokota kwenye fomu. Kastamu ni forodha. Kuklia ni kuutoa mzigo mikononi mwa forodha. Dyuti ni ushuru. Kudiklea ni kusema ukweli wa ulichobeba. Bondi ni ahadi kwamba mzigo wa kupita tu nchini hautafunguliwa njiani. Rilizi ni ile karatasi ya mwisho, ya kukuachia uende. Kwa maneno hayo na mengine machache nimesomesha watoto mpaka vyuo vikuu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilipata wapi elimu. Waliniona nimeshika kalamu, wakaridhika.

Kisha ikaja barua. Kila anayetia sahihi kama ajenti awe na cheti cha sekondari, na asiye nacho apewe miaka mitatu akitafute. Vijana niliowaonyesha kwa mkono wangu mahali pa kugonga muhuri walikuwa nacho. Mimi sikuwa nacho. Kampuni ingebaki yangu, lakini sahihi ingekuwa ya mtu mwingine, na mimi ningekaa pembeni kwenye kiti nilichokinunua mwenyewe nikimsubiri mwenye sahihi amalize chai.

Kwa hiyo nikaenda shule. Iko shule moja kwenye barabara ya Tororo yenye madarasa ya watu wazima Jumamosi mchana. Nyumbani nilisema naenda kuangalia shamba langu la miti. Shamba lilikuwepo kweli, ila miti ilikuwa inakua yenyewe. Miaka miwili niliondoka kila Jumamosi na panga ndani ya gari, na daftari chini ya kiti.

Mwaka wa tatu lilibaki somo moja la kutimiza hesabu ya masomo, nalo lilikuwa fasihi ya Kiingereza. Mimi nilitaka biashara. Biashara ilikuwa haina mwalimu.

Madawati yale yalitengenezwa kwa watoto. Nikiingia, magoti yalikwama chini ya ubao, na kutoka ilikuwa mpaka jirani asimame kwanza. Jirani yangu alikuwa mama mmoja Msamia anayeleta mukene kutoka Majanji, dagaa wale wadogo, mwenye mikono inayonuka ziwa hata siku ya Jumamosi. Yeye alitaka cheti ili achaguliwe katibu wa soko. Alikuwa na maneno, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu mpakani, hakina muda wa kujipanga.

“Mzee, wewe nanenepa kila wiki,” aliniambia tulipokwisha kukaa pamoja wiki chache. “Mwaka ukiisha, itabidi wakate dawati.”

Mwalimu alikuwa msichana hajafika miaka thelathini, mwenye sauti ya chini. Tulimwita Madam. Alipoingia nilisimama, kama ninavyosimama kwa ofisa wa kastamu, na dawati lilisimama pamoja nami. Aliniita Mzee. Hakunicheka kwa kusoma kidole kikiwa kwenye mstari. Kwa hilo nilimheshimu tangu mwanzo, na nataka lijulikane.

Kitabu kilikuwa cha Mmarekani mmoja aliyekufa zamani sana, na nakala zetu zilikuwa zimeshatoka majalada. Nitakieleza kama nilivyokielewa. Kuna mji mdogo wenye theluji. Kuna mzee mwenye kinu cha kusagia ngano kando ya mto. Mwanawe anaoa msichana wa mbali, anamleta nyumbani kwa baba, halafu anasikia habari za dhahabu upande wa magharibi, anaondoka. Harudi. Haandiki barua. Msichana anabaki katika nyumba ya baba mkwe, mwaka hadi mwaka. Kwao hawezi kurudi kwa sababu ni mke wa mtu. Kuolewa tena hawezi kwa sababu hakuna aliyeona maiti. Na yule mzee wa kinu hasemi naye. Kurasa mia mbili na zaidi, mzee hamsemeshi mwanamke.

“Huyo mume alienda machimbo kama ya Tiira?” niliuliza.

“Kama ya Tiira, Mzee, lakini mbali zaidi.”

“Basi shimo lilimwangukia. Wangeuliza wachimbaji wenzake.”

“Mwandishi hakutaka tujue.”

“Huyo mwandishi nasumbua watu bure,” alisema mama wa mukene.

Palikuwa na mahali kitabu kinasema mzee alitimiza dyuti yake kimya kimya kila asubuhi. Niliposimamishwa kueleza, nilisema mzee huyo ni mtu safi kwa sababu analipa ushuru bila kusukumwa. Darasa lilicheka. Kulikuwa na polisi mmoja mstaafu aliyecheka mpaka akatoa kitambaa. Madam alieleza kwamba dyuti ni wajibu pia, si ushuru tu. Nikaandika. Moyoni nilijiuliza ni watu gani hawa walioona wajibu na ushuru ni kitu kimoja, nikaona labda walikuwa na akili.

Kisha likaja swali la kuandika. Lilikuwa kwa Kiingereza, na ndani yake neno moja lilinikaa vizuri machoni: eleza kastamu zilizomfunga mwanamke huyu katika nyumba ya kinu.

Kwa mara ya kwanza katika shule ile nilijua jibu. Niliandika kurasa nne bila kamusi. Nilisema mwanamke huyu aliingia katika mji ule kama mzigo wa kupita, kwa bondi ya mumewe. Aliyemwingiza akapotea. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kufunguliwa pale, kwa maana haukudiklewa kuwa wa pale, na hauwezi kwenda mbele, kwa maana mwenye karatasi hayupo. Unakaa yadini, kwenye uwanja wa kastamu. Mvua inaunyeshea. Kila anayepita anaujua, na hakuna mwenye mamlaka ya kuugusa. Nikasema anayeweza kuomba rilizi ni mmoja tu, yule aliyeupokea, naye ni mzee wa kinu. Nikapiga mstari chini, nikatia sahihi yangu, ile kubwa ya ofisini.

Jumamosi iliyofuata Madam aliomba ruhusa asome kazi yangu kwa sauti. Nilimpa nikidhani ni sifa. Hakufika ukurasa wa pili. Polisi mstaafu alikuwa ameinamia dawati, na Madam mwenyewe alificha mdomo nyuma ya karatasi zangu.

“Mzee, umeandika vizuri sana,” alisema alipopata pumzi. “Ila umeandika kastamu nyingine.”

“Kastamu ni moja, Madam. Iko pale getini, na mimi naijua kuliko walioijenga.”

“Hii ya swali ni desturi. Mambo watu wanayofanya kwa sababu waliwakuta wenzao wakiyafanya.”

“Basi wangeandika hivyo.”

“Mzee naklia mwanamke kama kontena,” alisema mama wa mukene, na hapo nikajua maneno hayo yatafika sokoni kabla yangu.

Madam aliponirudishia karatasi alinena taratibu. Nirudie jibu, kisha nisimame mbele ya darasa nilieleze kwa mdomo. Alama ya kueleza kwa mdomo ndiyo ingeingia kwenye fomu, na fomu ile angeitia sahihi yeye. Bila sahihi yake, somo halihesabiki. Somo lisipohesabika, cheti hakuna. Nilifikiri juu ya jambo hilo nikiendesha gari kurudi Busia: sahihi yangu ya miaka thelathini sasa ilikuwa inasubiri sahihi ya msichana mwenye chaki.

Sasa nifike kwa mwanangu. Alikuwa anafanya kazi Jinja, na mwaka ule akasema amepata mchumba, mwalimu wa sekondari, baba yake ni mkulima Tiira. Walimu wa sekondari ni wengi. Sikuuliza jina, na hata ningeuliza lisingenisaidia, maana shuleni sisi tulijua neno Madam tu. Na huku kwetu baba na mwana hatugawani jina, kila mmoja ana lake, kwa hiyo hata huyo mchumba hakuwa na pa kunishika.

Tulienda Tiira na wazee wenzangu, na shati langu jeupe la sherehe. Tulikalishwa. Msemaji wetu alisema tulichokuja kusema, msemaji wao alijifanya hajatuelewa, kama inavyotakiwa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kufika na wamekubaliwa. Kisha akina mama wakamtoa msichana aje kuwasalimia wageni. Alipiga magoti mbele yetu, macho chini, akaanza kusalimia kutoka upande wa kulia. Alipofika kwangu aliinua macho kidogo tu, kama ada inavyoruhusu mara ya kwanza.

Alikuwa Madam.

Aliyashusha macho haraka kuliko alivyoyainua. “Karibuni, Baba,” alisema, kwa sauti ileile iliyokuwa ikiniambia nifungue ukurasa fulani.

“Asante,” nilisema.

Ningeweza kusema palepale. Watu wangecheka, msemaji wao angepata mzaha wa siku nzima, na jambo lingeisha. Lakini kulikuwa na wazee kumi na zaidi walioamini kwamba mimi shule niliimaliza zamani, na mke wangu alikuwa upande wa wanawake, na mwanangu alikuwa amekaa kando yangu akinitazama kama mtu mwenye baba. Nilifunga mdomo. Na yeye pia, kwa adabu au kwa hofu, alifunga wake.

Tangu saa ile alikuwa mkwe wangu, na mtu wa kwetu anajua maana yake. Mtu na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hawakai benchi moja. Hawali wakionana. Wakikutana njia nyembamba, mmoja anatoka njiani, anageuza uso. Kutaja jina lake ni aibu, kumkaripia ni aibu kubwa, na yeye kunikaripia mimi ni jambo sijalisikia. Si chuki. Watu wa nje hudhani ni chuki.

Na mimi nilikuwa nadaiwa nisimame mbele yake nieleze habari za baba mkwe na mkwe wake.

Jumamosi mbili sikwenda shule. Nilikwenda shambani kweli. Nilikaa kwenye gari nikaangalia miti, nayo haikuwa na neno. Jumamosi ya pili mama wa mukene alipiga simu.

“Mzee, Madam nauliza kama umekufa.”

“Ameuliza yeye mwenyewe?”

“Ameuliza ukuta. Mimi nilikuwa karibu.”

Nikarudi. Nililiacha dawati letu, nikakaa peke yangu karibu na mlango, mbali na ubao. Madam alihamia kona ya mbali kabisa, akawa anaandika kwenye robo ya ubao. Hakuniita Mzee tena. Alisema “mwanafunzi wa mlangoni,” na alilisema akimwangalia mama wa mukene. Karatasi zangu aliziweka dawati la mbele, akaondoka pale, ndipo mtu akaniletea. Lakini chumba kilikuwa na mlango mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Saa mbili nzima hakuweza kutoka hata kunywa maji, kwa sababu angenipita. Nililiona hilo wakati somo linakaribia kuisha, nikaona aibu. Wiki iliyofuata nikakaa nyuma kabisa, dirishani. Madam akahamia upande wa mlango, na hapo nikawa mimi ndiye nisiyeweza kutoka.

Mama wa mukene aligundua kabla ya wengine. Alinifuata kwenye gari.

“Huyo ni mkwe wako.”

Nilifungua mlango wa gari.

Alicheka, kisha akaacha kucheka, maana na wao Wasamia wana mambo hayohayo. “Sasa utasimama mbele yake namna gani?”

“Sijui.”

“Mwambie mwalimu mkuu akupe mwalimu mwingine.”

Nilikuwa nimekwisha kumuuliza, bila kusema sababu. Alinijibu kwamba mwalimu wa fasihi ni huyo mmoja, na kwamba shule haichagui walimu kwa kupendeza wazee. Fomu zilikuwa ziende baada ya wiki tatu. Na ile miaka mitatu ya barua ilikuwa iishe mwisho wa mwaka.

“Basi ongea na ukuta,” alisema mama wa mukene. “Ukuta hana mkwe.”

Nilikisoma kile kitabu mara tatu, mchana, ndani ya gari, yadini, kamusi kwenye usukani. Madereva walidhani ni sheria mpya za ushuru, wakapita taratibu kwa heshima. Na kwa sababu nilikuwa nimefungwa, nikaanza kumwona yule mzee wa kinu.

Darasani kwa wiki nyingi tulikuwa tumekubaliana kwamba ni katili. Madam alifundisha hivyo, polisi mstaafu aliongeza. Mzee anatoka chumbani mwanamke akiingia. Mzee anakula mwanamke akishakula. Kuna ubao mwembamba wa kuvukia maji ya kinu, na mzee akimwona mwanamke upande wa pili anazunguka mbali, kwenye theluji, asikutane naye pale. Kila mwezi anaacha mfuko wa unga mlangoni pa mwanamke, anaondoka bila kubisha. Wote tuliyasoma hayo tukasema, moyo wa jiwe. Hata mimi nilisema. Nilikuwa nawafuata waliosoma.

Siku yangu ilipofika nilisimama pale nyuma, nikageukia dirisha, mgongo kwa darasa. Nilisikia minong'ono. Kisha nikasikia kiti cha Madam kikiburuzwa, na mama wa mukene aliniambia baadaye kwamba naye alikigeuza, akakaa akitazama ubao. Tukawa hivyo, migongo kwa migongo, darasa zima katikati yetu.

Nilisema kwa Kiingereza cha fomu, kilichokuwa na mashimo. Nilisema mzee huyu simjui, lakini tabia yake naijua. Kwetu mtu anayempisha mkwe wake kwenye njia nyembamba hatumwiti katili. Tunamwita mtu aliyelelewa. Ule unga mlangoni ni salamu zake. Hizo ndizo kastamu za nyumba ile, nikasema, zile nyingine, na kwenye hizo mzee hakukosea hata siku moja.

Mtu mmoja alikohoa. Niliendelea kutazama uwanja wa mpira.

Nikasema kosa lake ni moja. Mume hayupo, mji unangoja, na mwenye neno ni mzee peke yake. Angeweza kusema, binti, nenda. Angeweza kumtuma mtu amwambie kama yeye mwenyewe haruhusiwi kumwambia. Alishika adabu zote akasahau rilizi. Mimi nimeona mizigo ikiozea yadini namna hiyo, hakuna aliyeiba, hakuna aliyetukana, ila hakuna aliyetia sahihi.

Nilipomaliza sikujua nigeuke au la. Kisha nikasikia sauti ya chini.

“Mama, mwambie aliyesimama dirishani kwamba nimeandika alama. Na mwambie ule ukurasa wa unga nitaufundisha upya.”

“Amesikia, Madam,” alisema mama wa mukene. “Masikio hayana mkwe.”

Hapo ingekuwa imekwisha. Lakini baada ya masomo mwalimu mkuu aliniita ofisini. Fomu ilikuwa mezani, na Madam alikuwa amesimama nje kwenye baraza, mgongo kwa mlango. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mnene wa kupenda mambo yaishe. Alisogeza fomu mbele yangu, akaweka kidole chini kabisa. Alama ilikuwepo, nzuri kuliko nilivyotarajia. Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, na neno la kwanza nililiona kutoka mbali kama mtu anavyomwona ndugu yake sokoni: diklea. Mwalimu adiklee kama mtahiniwa ni jamaa yake.

“Nimepata habari zenu,” alisema mwalimu mkuu. “Hongereni. Sasa hapa ni kuandika hapana, tumalize.”

“Na akiandika ndiyo?”

“Alama inafutwa. Unarudia somo kwa mwalimu mwingine, shule nyingine, Tororo mjini labda, mwaka ujao. Lakini ya nini? Harusi bado. Mkataba wa kanisa bado. Kisheria huyu si mtu wako.”

“Ng'ombe walifika.”

“Mzee, hii ni karatasi ya shule tu.”

Kutoka barazani Madam alisema, bila kugeuka, “Mwalimu mkuu, mwambie Baba kwamba akitaka niandike hapana, nitaandika.”

Alisema Baba. Alikuwa tayari kushika kalamu aandike kwa mkono wake kwamba si wa kwetu, ili mimi nibaki na sahihi yangu.

Niliitazama fomu ile. Jambo moja ndilo lililonijengea jina Busia, na si ujanja. Nilipokuwa ajenti mchanga alikuja tajiri mmoja na malori ya sukari, akataka niandike saruji. Nilimwambia nitaandika kilichomo. Alinitukana, akaenda kwa mwingine, na huyo mwingine leo hayupo kwenye kazi hii. Tangu siku hiyo maofisa walipoona sahihi yangu hawakupanda juu ya lori kuchungulia. Hiyo ndiyo sahihi niliyokuwa natafutia cheti. Na karatasi nazijua mimi. Unaweza kuisahau, yenyewe haisahau, siku moja inatolewa kwenye kabati na mtu usiyemjua, imeandikwa kwamba binti aliyetolewa mbele ya wazee Tiira si mkwe wako.

Nilizungumza na kalenda iliyokuwa ukutani.

“Mwambie Madam adiklee.”

“Adiklee nini?” aliuliza mwalimu mkuu.

“Kilichomo.”

Nilitoka kwa mlango wa nyuma ili aweze kuingia. Nikiwa kwenye gari nilisikia muhuri ukigongwa, na huo sauti yake siwezi kuikosea.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anachambua maharage. Nilimwambia kuna jambo kuhusu shamba la miti.

“Najua,” alisema. “Miti haimtii mtu chaki kwenye suruali.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka wa kwanza.”

“Na ukanyamaza?”

“Ulikuwa unafurahia kudanganya. Nikasema mzee amepata mchezo.”

Lakini kwamba mkwe ndiye mwalimu wangu hakuwa anajua, na nilipomweleza aliacha maharage, akashika mdomo. Mwanangu nilimwambia kwa simu. Aliuliza nilipata alama ngapi.

Mwaka uliisha kama barua ilivyosema. Sasa sahihi ni ya kijana niliyemfundisha mimi, mtu mwema, mwenye mwandiko mbaya. Mimi nakagua karatasi, natia tiki kwa penseli, nazisukuma upande wake wa meza. Wakati mwingine anakunywa chai kwanza. Namsubiri. Jumamosi naenda Tororo mjini. Nikiipita ile shule ya kwanza natazama mbele. Darasa jipya lina madawati ya ukubwa uleule, magoti yanakwama palepale, na kitabu ni kilekile, tumeanzia ukurasa wa kwanza. Mwalimu ni kijana mwanamume. Naye anafundisha kwamba mzee wa kinu ni katili.

Harusi imefanyika. Wakija kutoka Jinja wanakaa nyumba ndogo ya uani. Jumapili, watu wakipumzika, nasikia hatua zake zinakuja mpaka barazani kwangu, zinasimama, zinaondoka. Nangoja mpaka zizunguke jiko. Kisha natoka. Juu ya kigoda kuna karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa ubaoni, maneno magumu ya sura inayofuata na maana zake, na chini swali moja. Nalijibu kwa penseli, nairudisha palepale, naingia ndani nafunga mlango ili aweze kuja kuichukua.

La wiki hii linauliza kwa nini mzee hakumwachia mwanamke aende. Lina siku nne pale kwenye kigoda. Nimeandika mstari mmoja, nimefuta.